Mimi na mwanangu tumepewa dawa za UTI za aina moja: je, tunaambukizana chooni?

MamaWawili_Lindi

Habari za jioni. Naomba ufafanuzi kwa mwenye ujuzi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisumbuliwa na maumivu chini ya kitovu, haja ndogo ya mara kwa mara inayotoka kidogo kidogo, na mkojo unaochoma. Nikimeza dawa ninapata nafuu, kisha hali inarudi. Sasa mwanangu wa darasa la sita naye analalamika kuwa mkojo unamchoma, na juzi alinionyesha matone ya damu yaliyotoka alipokuwa anamalizia kukojoa. Muuzaji wa duka la dawa amesema sote tuna UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akatupa dawa za aina moja na kutuonya kuhusu choo tunachochangia na wapangaji wenzetu. Je, ni kweli?

Maabara_Mtwara

Pole, dada. Choo msikisingizie. UTI kwa kawaida huletwa na bakteria wanaoishi katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe, hasa Escherichia coli, ambao husogea kutoka sehemu ya haja kubwa, wakaingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofuni. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa takribani sentimita 4 tu, ilhali kwa mwanamume hukaribia sentimita 20, ndiyo maana nyinyi huugua zaidi. Tendo la ndoa huwasukuma bakteria hao ndani, na kujisafisha ukeni kwa sabuni huua bakteria wema wanaolinda eneo hilo.

Kwa kuwa tatizo lako linajirudia, usimeze dawa nyingine kabla mkojo haujaoteshwa, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara hadi watambulike. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, lakini yatakutajia bakteria mwenyewe na dawa inayomuua. Septrini na ampisilini tulizozizoea, bakteria wengi nchini nao wameshazizoea. Ukipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, usisubiri majibu: maambukizi huenda yamefika kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito naye asijitibu dukani hata kidogo.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mtoto. Huwa anaogelea wapi?

MamaWawili_Lindi

Likizo zote huwa kwa bibi yake kijijini, na huko yeye na wenzake hushinda kwenye madimbwi ya bonde la mpunga. Sikudhani kama yanahusiana na mkojo.

Maabara_Mtwara

Yanahusiana sana. Damu inayotoka mwishoni mwa mkojo, kwa mtoto wa Lindi au Mtwara anayeingia maji ya namna hiyo, kwanza tunafikiria kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, na minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, ikitaga mayai yenye mwiba yanayochana ukuta wake. Hao si bakteria, kwa hiyo dawa mliyopewa haiwagusi kabisa. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo kipimo chake hufuata uzito au urefu wa mtoto.

Babu_wa_Mikindani

Utotoni mwetu wengi tulikojoa damu na hakuna mzazi aliyeshtuka. Lakini nieleze, mwanangu: mbona siku hizi kila mwenye homa akipimwa anaambiwa ana UTI?

Maabara_Mtwara

Shikamoo, babu. Mara nyingi kosa huanzia kwenye kikopo. Mgonjwa hukabidhiwa bila maelezo, akakinga mkojo wa mwanzo uliobeba uchafu wa ngozi, au mkojo ukasafirishwa juani kwa bodaboda kutoka kijijini, na bakteria wachache wakazaana njiani hadi wakaonekana jeshi. Sisi tunasoma kilicholetwa. Mkojo wa kuotesha hukingwa katikati: mtu ananawa, anaacha wa mwanzo uende, kisha anakinga na kuufikisha maabara ndani ya saa moja au mbili.

MamaWawili_Lindi

Basi nitaenda naye Jumatatu alfajiri, tukinge mkojo wa kwanza wa siku sote wawili.

Maabara_Mtwara

Wako wa alfajiri unafaa, dada, ilimradi ukinge wa katikati. Wa mtoto usiukinge saa hizo. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na kwake tunahitaji yale matone ya mwishoni kabisa, kwa hiyo mwache acheze au atembee kidogo kwanza, ndipo akojoe. Mwambie mtaalamu kuhusu yale madimbwi hata kama hajakuuliza, ili aandike kipimo cha kichocho kwenye karatasi. Akipewa prazikwanteli, ale kwanza, kwani humchafua tumbo anayeimeza na njaa.