Mzee ana kisukari, sikio halimpi usingizi

Mwana wa Arua: Habari zenu. Baba ana miaka 71, kisukari cha siku nyingi. Sikio la kulia linatoa usaha, na usiku maumivu yanapanda kichwani mpaka analala ameketi. Dawa ya matone haijasaidia. Tangu juzi mdomo umepinda upande huohuo, chai inamchuruzika kidevuni. Ni kiharusi?

Nesi wa Busia: Pole sana ndugu yangu. Kiharusi wakiangalie, ndiyo, ila mimi nahofia zaidi maambukizi yameingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu na kugusa neva ya uso. Kwa wenye kisukari mara nyingi ni bakteria aina ya Pseudomonasi. Matone peke yake hayafiki huko ndani. Usaha upimwe maabara, apigwe picha ya CT (inayoonyesha mifupa ya ndani), na antibiotiki hutumika wiki 6 au zaidi, sukari ikidhibitiwa. Mpeleke leo hospitali ya rufaa, omba daktari wa masikio.

Hajati: Na msimwoshe sikio kwa maji, wala kulichokoa na kijiti! Mume wangu alipona, lakini uso ulichelewa kunyooka.

Mwana wa Arua: Asanteni. Jirani ametoa gari, tunatoka sasa. Nibebe daftari lake la kliniki?

Nesi wa Busia: Libebe, na dawa zote anazomeza.