Tupeane uzoefu: wajukuu mliwabakishia nini cha bibi au babu aliyefariki?

Mama Pacha: Habari zenu wapendwa. Mama yangu amefariki, na wanangu ni yeye aliyewalea. Wana miaka 4. Jana mmoja kaniuliza, "Bibi alikuwa anachekaje?" nikakosa jibu. Nyie mliwawekea watoto nini, zaidi ya picha ya ukutani?

Binti wa Kwanza: Pole sana dada. Sauti! Itafute leo leo.

Mjukuu Mpenzi: Umenitonesha kidonda. Babu alipofariki, msiba haujaisha, mjomba akachukua simu yake, akafuta kila kitu, akampa mwanawe. Hakumuuliza mtu. Humo ndimo babu alimokuwa akirekodi hadithi za wajukuu. Anakohoa katikati, anasema "ngojeni ninywe maji", kisha fisi anaendelea kumfukuza sungura. Dada yangu aliposikia zimefutwa alianguka pale pale sebuleni. Wakubwa wakaanza kurushiana maneno. Mwanangu kasimama mlangoni, akauliza, "Kwa hiyo babu amekufa tena?" Nyumba nzima ikanyamaza.

Kilichotuokoa ni simu mbovu ya shangazi, kioo kimepasuka, imelala kabatini. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubaki pia kwenye simu ya aliyetumiwa. Tukaichaji, tukazikuta hadithi kadhaa, tukazihamishia kwenye kompyuta na kwenye flashi zinazokaa nyumba tofauti. Dada, usiishie kwenye simu ya marehemu. Waulize wote waliokuwa wakitumiana naye.

Kaka Mkubwa: Huyo mjomba mlimfanya nini?

Shangazi Mtu: Tusimhukumu, naye kafiwa na baba. Kuna watu wakifiwa hawawezi kabisa kuvitazama vitu vya marehemu.

Kaka Mkubwa: Asivitazame, awaachie wengine! Kufiwa si ruhusa ya kufuta sauti ya baba wa watu wote.

Mjukuu Mpenzi: Hatujapatana mpaka leo.

Fundi Cherehani: Turudi kwa mama pacha. Mimi huletewa mashati na magauni ya marehemu niwashonee watoto mito. Vifungo na mfuko wa mbele naviacha, watoto wanapenda kutia mkono mfukoni. Nguo iliyochakaa naitia kitambaa kwa ndani kwanza, la sivyo inachanika upesi. Na msifue kila kitu! Nguo moja ifungeni kwenye mfuko wa nailoni ibaki na harufu yake. Harufu humrudisha mtu kwa mpendwa wake haraka ajabu.

Mwalimu wa Chekechea: Hapo kwenye harufu na sauti muwe waangalifu. Wengi wa umri huo hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi. Akisikia sauti atakwambia twende tukamchukue. Mwambie wazi: bibi amefariki, hii alirekodi alipokuwa hai. Usimwambie amelala, ataogopa kulala.

Binti wa Kwanza: Sasa wanyimwe mpaka lini?

Mwalimu wa Chekechea: Sijasema wanyimwe. Wasikilize ukiwa nao, na mtoto akisema basi, zima.

Baba Watatu: Wangu alipewa miwani ya bibi yake. Akiivaa anatugombeza sote, bibi mtupu hahaha.

Fundi Cherehani: Toa vioo, vya mtu mzima vitamtia kizunguzungu.

Mtunza Albamu: Watu wengi hawakumbuki mambo ya kabla ya miaka 3 hivi, na ya miaka 4 nayo hupotea kirahisi. Kitu bila maneno kitakuwa mzigo wa kabatini. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bibi alikuwa anafanya nini siku hiyo, wasomee mara kwa mara. Ukutani weka nakala, maana jua hufifisha picha.

Shangazi Mtu: Saa na pete msiwape sasa, watapoteza.

Baba Watatu: Wapeni! Cha kufungiwa hakizoeleki.

Mama Pacha: Asanteni, nasoma zote. Simu ya mama ina namba ya siri, hatuijui.

Mjukuu Mpenzi: Msibahatishe, simu nyingine hujifunga au kufuta kila kitu ukikosea mara nyingi. Anzeni na simu za marafiki zake. Na iwekeni mbali na wajomba.