Programu yakubali kwenye laptopu, ghalani yagoma: naombeni ushauri

mpimaji_micheweni: Asalaam aleikum wana jukwaa. Nimeandika programu ya Python inayosoma kilo za mwani moja kwa moja kutoka kwenye mizani. Kwenye laptopu inakwenda vizuri. Nikiihamishia kompyuta ya ghalani, inaleta makosa ya numpy, ile maktaba ya hesabu ya Python. Kina mama wanaleta mwani wiki ijayo na tajiri hanipi usingizi. Nifanyeje?

binti_makunduchi: Waalaikum salaam. Kompyuta gani? Python ipi huku na ipi kule?

mpimaji_micheweni: Kompyuta ya kawaida tu dada, ina Linux.

sheha_mstaafu: Daftari na kalamu vimekosa nini? Kilo za watu ni amana. Umeme ukikatika mtawalipa kwa kukisia?

yakhe_michenzani: Ofisini kwetu kijana alijenga imeji ya Docker (kifurushi cha programu) kwenye Mac ya M1, yenye prosesa ya ARM, akaipandisha kwenye seva ya Intel. `exec format error`, yaani prosesa haiielewi programu! Mwenye seva akatukanwa bure, mpaka leo hatusalimii.

binti_makunduchi: Kawaida kivipi? Andika `uname -m` na `getconf LONG_BIT`, utuwekee majibu.

mpimaji_micheweni: `aarch64`, na 32. Ni Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo, tajiri aliletewa. Intaneti ya huku ya kubahatisha, kwa hiyo folda nzima ya venv (Python na maktaba za programu yangu) niliikopi kwa flashi kutoka laptopu, Ubuntu 24.04. Kwani venv si ndo ina kila kitu? Hata hivo kuna mini PC ya Intel kwa fundi wa Chake Chake, nshatoa arabuni.

binti_makunduchi: Kumbe! Fungua folda ya numpy utazame faili za `.so`, zile zilizokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa lugha ya prosesa. Zina majina ya `cpython-312-x86_64-linux-gnu`: zinataka Python 3.12 na prosesa ya Intel au AMD. Pi yako ni ARM, prosesa ya aina nyengine, na ikiwa mfumo wake ni toleo la Bookworm, Python yake ni 3.11.

kilemba_cha_wete: Wapemba hujuana kwa vilemba, prosesa hujuana kwa `uname` 😂

yakhe_michenzani: Chai hii! `aarch64` ni ARM ya biti 64, halafu mara 32? Huyu mwanafunzi anatufanyisha kazi ya chuo. Haya, mwani gani unapima?

mpimaji_micheweni: Spinosum. Ile aina nyengine, cottonii, haistahamili maji ya moto. Njoo ufukweni uanike na sisi, yakhe.

sheha_mstaafu: Mwani anaujua huyu.

binti_makunduchi: Na Pi hasemi uongo. Tangu 2023, Raspberry Pi OS (mfumo wake) ya biti 32 kwenye Pi 4 huwaka na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya biti 64. `uname` inasoma kerneli. Programu zenyewe zimebaki 32. `dpkg --print-architecture` itakwambia `armhf`, yaani ARM ya biti 32. Ndo maana hata ukipakua numpy ya aarch64, pip, kile kisakinishi cha maktaba za Python, itaikataa. Futa hiyo venv, ipeleke Pi penye intaneti, `sudo apt install python3-numpy python3-serial`, basi. Hukompaili kitu.

mpimaji_micheweni: Lakini mini PC si itamaliza ubishi wote? Tajiri keshakubali.

binti_makunduchi: Itamaliza pesa. Ikija na Python nyengine, venv yako itagoma vilevile.

mpimaji_micheweni: Na arabuni yangu?

sheha_mstaafu: Muombe fundi kwa adabu.

mpimaji_micheweni: Najaribu apt kwanza. Ikikubali, ntamwambia fundi tajiri kaghairi.

kilemba_cha_wete: Fundi yumo humu jukwaani, kaka. Keshasoma.