Mchina na "Although… but": tatizo ni kanuni au mazoea?

Mleta mada: Wakuu, karibuni tubishane kwa hoja. Nimesahihisha sana insha za Kiingereza za wanafunzi wa Kichina, na sentensi moja haiishi: "Although it was raining, but we went." Unaipiga wino mwekundu, wiki ijayo imerudi. Kwao maneno hayo hutembea mawili mawili: suīrán ("ingawa") hufungua, dànshì ("lakini") huitikia. Yīnwèi ("kwa sababu") na suǒyǐ ("kwa hiyo") nayo ni hivyohivyo, ndiyo maana "because" na "so" zinabanana kwenye sentensi moja.

Msimamo wangu: hawakukosa kanuni hawa. Kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kina alama 150, sawa na hisabati. Sarufi wamekaririshwa mpaka basi. Wapunguziwe, wapewe hadithi nyingi mpaka umbo la sentensi likae mdomoni.

Chaki: Unawacheka Wachina, sisi je? "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Imejaa mitaani na magazetini. Kidato cha pili nami niliihamishia kwenye Kiingereza vilevile, na hadithi nilikuwa nasoma tele! Aliyeniponya ni mwalimu aliyeandika sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, akaifuta "but" tukiwa tunatazama. Kitu ambacho hakipo utakisikiaje kwenye hadithi?

Mzee wa Mizigo: Mnapoteza muda. Nimefuata mzigo Guangzhou miaka kadhaa, muuzaji ananiambia "There are many customers want this one," nami naelewa, nalipa. Kichina chake kinaruhusu kuruka "who": yǒu ("kuna"), kisha mtu, kisha kitenzi, basi. "Add oil" ya Hong Kong, yaani "kaza moyo", ilianza hivihivi, mwaka 2018 ikaingia kamusi ya Oxford.

Mleta mada: Mzee, kamusi ilipokea msemo wa kutiana moyo, haikupokea muundo wa sentensi. Na yule muuzaji akiandika barua ya kuomba nafasi ya masomo, msomaji wake hatakuwa na haraka ya kununua kama wewe.

Chaki, umenibana. Kwa "but" ya kufutwa, ubao nakuachia. Lakini chukua sentensi za "amba-". Kichina hutanguliza maelezo yote, nomino ikaja mwisho. Kiingereza ni kinyume. Mwaka 1974 mtafiti Jacquelyn Schachter alilinganisha insha za wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Wachina na Wajapani walikosea sentensi hizo mara chache kuliko Waajemi na Waarabu. Ungedhani wanaziweza. Kumbe walikuwa wanazikwepa, waliandika chache mno! Ubao wako unafuta kilichozidi. Huyu aliyeacha kuandika kabisa, utamfutia nini?