WEWE ULIYEOSHEA VIATU MAJI YANGU KULE HANANG, NAJUA UNASOMA HAPA

Mpanda_Ngazi (mleta uzi):

Wakuu, sijalala. Magoti yananiuma mpaka nikishuka kitandani nashika ukuta, lakini kinachoninyima usingizi si magoti. Ni viatu. Viatu vyeupe! Vimeoshwa kwa maji yangu ya kunywa, juu ya mgongo wa mlima Hanang.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule wa "twendeni tukajenge afya", anayekusanya hela za safari kwenye grupu, akiombwa mchanganuo anajibu kwa kidole gumba.

Jumamosi tulitoka Katesh saa kumi alfajiri, tochi vichwani, njia ya Jorodom. Kwa msioujua, Hanang una mita 3,420 na sisi tulikuwa tunapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Unapita mashamba, unaingia msitu, msitu ukiisha ni mawe na vichaka vifupi, jua linakuchapa kama linakudai. Na huko juu hakuna maji. Hakuna kijito, hakuna bomba, hakuna duka la Mangi. Unakunywa ulichobeba. Mimi nilibeba lita nne, yaani kilo nne mgongoni kwangu, hakuna aliyenisaidia hata kushika kizibo.

Saa tano hivi tukafika kile kilele cha uongo. Waliopanda wananielewa: unapiga kelele umefika, unainua macho, kumbe mgongo wa mlima unaendelea mwembamba na kilele chenyewe kiko kuleee. Dada mmoja akabanwa na misuli. Nikatua begi nimnyooshe mguu. Dakika mbili tu! Nageuka, namwona bwana mkubwa amekaa juu ya jiwe, chupa yangu ya mwisho mkononi, lita moja na nusu, anaimimina kwenye viatu na kusugua SOLI kwa kitambaa. Soli, jamani. Eti apige picha kileleni viatu viking'aa.

Nikamuuliza, unafanya nini? Akaniangalia kama mimi ndiye niliyemkosea. "Maji si yapo chini?"

Yapo chini! Chini ni Katesh! Hata Ziwa Balangida liko chini, tulikuwa tunaliona kwa macho, kwa nini hakwenda kufulia huko? Nimefika Katesh saa moja usiku ulimi umekuwa kiporo cha ugali. Duka la kwanza nimekunywa maji mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetoka gerezani. Na yeye kapita pale na viatu vyake, vyeupe, hajasema hata pole.

"Maji si yapo chini." Nikifumba macho nasikia hiyo sauti.

Bibi_Karanga:
Nimekaa paleee. Endeleeni.

Kobe_wa_Singida:
Mkuu povu jingi, ungekuwa nalo kule juu ungemsaidia kufulia.

Tabibu_Mstaafu:
Msicheke. Kule juu hewa ni kavu na unahema kwa kasi, mwili unapoteza maji hata kama huoni jasho. Kumwagia mtu maji yake ni kuchezea uhai wake. Huyo bwana asiongoze watu hata kwenda sokoni.

Mpanda_Ngazi:
Asante daktari! Na aliisugua soli, si juu ya kiatu. SOLI. Nani anapiga picha ya soli?

Zuhura_T:
Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebanwa na misuli. Ni kweli kaosha. Ila kaka nawe ulipiga kelele mpaka wachunga ng'ombe wa kule chini wakasimama kututazama.

Mti_Mkavu:
Huyo huyo mwaka jana kachukua hela yangu ya safari ya Meru, siku ya safari simu haipatikani. Wewe umepoteza lita moja na nusu, mimi laki mbili na nusu. Kalale.

Kobe_wa_Singida:
Halafu lita nne kwa Hanang ni chache. Mlima wa tatu kwa urefu nchini unaupanda kama unakwenda kisimani?

Mwalimu_Ramani:
Wa nne, si wa tatu. Kilimanjaro, Meru, Loolmalasin, ndipo Hanang.

Kobe_wa_Singida:
Loolmalasin ndio nini? Umeitunga leo asubuhi?

Mwalimu_Ramani:
Iko nyanda za juu za Ngorongoro, mita 3,682. Kutoijua wewe hakuufupishi mlima.

Njoroge_wa_Milima:
Nawasalimu kutoka Nairobi. Nyinyi mna bahati, kiongozi alifika. Sisi tulikuwa twende Satima, kilele cha juu kabisa cha Aberdare, mita 4,001. Tukaambiwa gari linatoka saa tisa usiku. Tukangoja mtu mmoja mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mwenyewe ni dereva! Kufika juu ni ukungu mtupu, yale mawe ya Meno ya Joka sikuona hata jino moja.

Mpanda_Ngazi:
Pole ndugu yangu, lakini turudi kwenye maji yangu.

Vumbi_la_Natron:
Maji, maji. Umepanda mchana unaona unapokanyaga, unalalamika nini? Sisi Lengai, ule mlima wa volkano, tumeanza saa sita usiku ili jua lisitukute kwenye majivu. Unapiga hatua mbili, unarudi moja. Kushuka nimeshuka kwa makalio, suruali mpya imebaki mfuko na zipu. Aliyetuongoza alikuwa anatusubiri chini anakula mahindi.

Zuhura_T:
Ya kuchoma au ya kuchemsha?

Vumbi_la_Natron:
Ya kuchoma. Na hakutugawia.

Bibi_Karanga:
Huyo ndiye mbaya kuliko wote.

Mpanda_Ngazi:
Hapana! Mahindi yalikuwa yake! Maji yalikuwa YANGU!

Mti_Mkavu:
Mwenye namba mpya ya huyo jamaa anitumie kwenye sanduku. Laki mbili na nusu.

Njoroge_wa_Milima:
Huko Katesh chumba cha kulala ni pesa ngapi? Tunataka kuja watu kumi na wawili mwezi wa nane.

Zuhura_T:
Njooni. Mahindi yapo.