Ulinganisho: ni njia gani ya kuaminika zaidi ya kupata mlo wa vegani ukiwa nchi ya kigeni?

Msafiri Taratibu (mleta mada)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina safari ya wiki sita itakayonipitisha Thailand, Vietnam na Japani, kisha nimalizie India. Huu ni mwaka wangu wa tisa tangu niwe vegani, yaani sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Nikiwa kwangu jambo hili halinisumbui kwa sababu namjua anayepika na ninajua anachotia chunguni, lakini ugenini, penye maandishi ambayo hata herufi zake sizitambui, nimewahi kushinda siku mbili mfululizo kwa ndizi na mkate mkavu, na sitaki yanifike tena.

Nimekuta njia nne zinazosifiwa. Ya kwanza ni programu ya HappyCow, iliyoanza mwaka 1999 na yenye orodha ya migahawa katika nchi zaidi ya 180. Ya pili ni ramani za kawaida za simu, ambapo unatafuta kwa neno na kusoma maoni ya wateja. Ya tatu ni kuwafuata watu ambao imani yao imewazuia nyama tangu zamani, ukala wanapokula wao. Ya nne ni kubeba kadi iliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji na kuingia mgahawa wowote. Naomba mnilinganishie, na mnieleze zaidi kasoro kuliko sifa, maana sifa nimeshazisoma za kutosha.

Kibuyu

Mimi natumia njia ya kwanza na ya pili kwa pamoja. HappyCow hupanga migahawa kwa rangi: kijani ni mahali pasipo kitu chochote cha mnyama, zambarau ni mahali pasipo nyama lakini maziwa au mayai yanaweza kuwapo, na nyekundu ni mgahawa wa kawaida wenye vyakula vichache vinavyokufaa. Katika mji mkubwa rangi ya kijani inatosha. Tatizo ni miji midogo, kwa sababu orodha hujazwa na wasafiri wenyewe, na pale ambapo wasafiri wa aina yetu hawajapita unaweza kukuta ramani tupu ilhali chakula kipo mtaa wa pili. Angalia pia tarehe ya maoni ya mwisho, kwa kuwa migahawa midogo hufungwa bila taarifa na jina likabaki kwenye orodha.

Ramani ya kawaida ina upungufu tofauti. Ukiandika neno kwa lugha ya kigeni unayoijua wewe, utaletewa migahawa inayolenga watalii tu. Ukiandika neno la wenyeji, tena kwa maandishi yao, ramani inafunguka. Andika «chay» ukiwa Vietnam au «เจ» (husomwa «jay») ukiwa Thailand, yote mawili maneno ya mlo usio na nyama, utaona tofauti mara moja.

Bi Mwani

Ndugu mleta mada, kwa nchi ulizozitaja njia ya tatu ndiyo ningeipa uzito wa kwanza, lakini kwa sharti moja: ujue mpaka wa kila mila unapita wapi, kwa sababu haupiti pale pale unapopita wako.

Nianze na Thailand, ambako maneno ni mawili na watu huyachanganya. «Mangsawirat» ni mlo usio na nyama, lakini mayai na maziwa yanaruhusiwa. «Jay» ni mlo wa wafuasi wa mila ya Kibudha iliyotoka China, na huo unaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, pamoja na kitunguu na kitunguu saumu. Mahali pa «jay» utapatambua kwa kibendera cha njano chenye maandishi mekundu ya «เจ». Kila mwaka, katika mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, ambao kwa kawaida huangukia Septemba mwishoni au Oktoba, kuna siku tisa ambapo vibendera hivyo hujaa barabarani, hasa Phuket, na mtu kama wewe hupata shida ya kuchagua tu. Nje ya siku hizo vibanda vinapungua, lakini havikosekani, na aghalabu hufungwa alasiri. Ukingoja usiku utakuta sufuria zimeoshwa.

Vietnam ni rahisi zaidi. Neno lake ni «chay», na kwa kuwa Wabudha wengi huacha nyama siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, hata wauzaji wa kawaida hupika «chay» siku hizo. Tahadhari ni mchuzi wa samaki, «nước mắm», ambao huingia karibu katika kila chakula cha kawaida. Sahani ya mboga isiyo na neno «chay» haimaanishi kwamba haina samaki.

Japani ndiko penye kazi. Supu, tambi, mboga za kuchemsha, hata sosi ya kuchovyea, vyote hujengwa juu ya «dashi», mchuzi unaopikwa kwa mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kisha akaparuzwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mhudumu atakwambia kwa moyo safi kwamba chakula hakina samaki, kwa sababu kwake samaki ni kile kipande kinachoonekana, wala si mchuzi. Kimbilio lako huko ni «shojin ryori», chakula cha watawa wa Kibudha, ambacho mchuzi wake hutoka kwenye mwani na uyoga. Kule Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibudha, unaweza kulala hekaluni na kuandaliwa chakula hicho jioni na asubuhi, ila huna budi kuagiza mapema.

Daftari la Safari

Ninaunga mkono maneno ya Bi Mwani kuhusu «dashi», na ninaongeza kisa kimoja kwa ajili ya kuitetea njia ya nne.

Niliingia kwenye kiduka cha tambi cha Kyoto chenye viti sita, nikatoa kadi yangu. Haikuandikwa «mimi ni vegani», kwa kuwa neno hilo peke yake halikumsaidia mtu yeyote niliyewahi kumwonyesha. Ilitaja vitu: nyama, kuku, samaki, «dashi» ya samaki, uduvi, mayai, maziwa, siagi, asali, na chini yake ilitaja ninavyokula: wali, tambi za ngano, tofu, mwani, uyoga, mboga. Mzee aliyekuwa akipika aliisoma taratibu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye «dashi». Akafunua sufuria, akatumbukiza vijiti, akainua vipande vya samaki vilivyolainika, akanionyesha na kutikisa kichwa. Kisha akaonyesha tofu, akaonyesha chupa ya sosi ya soya na kitunguu cha majani, akaniangalia kuuliza kama hivyo vinafaa. Nikala tambi baridi kwa tofu na tangawizi, chakula ambacho hakikuwa kwenye menyu. Hakuna programu ambayo ingenipeleka mahali pale.

Kwa asiye na mtu wa kumwandikia kadi, shirika la Vegan Society la Uingereza, lililoundwa mwaka 1944, huchapisha kijitabu cha wasafiri chenye maelezo ya mlo wetu katika lugha zaidi ya 70. Tafsiri ya simu inasaidia kusoma menyu kwa kamera, lakini kwa kadi ningetaka maneno yaliyopitiwa na mzawa wa lugha.

Nusu Mkoba

Je, si rahisi zaidi kusema una mzio? Nimeona wengi wakifanya hivyo Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2014 inamtaka mwenye mgahawa atoe taarifa kuhusu vitu 14 vinavyosababisha mzio, na miongoni mwake kuna maziwa, mayai, samaki, jamii ya kaa na kamba, na jamii ya chaza na ngisi. Ukiomba jedwali hilo unapata majibu bila mabishano.

Mpishi wa Zamu

Kuomba jedwali ni jambo jema, na ninawashauri wote walisome. Kusema una mzio ilhali huna ni jambo jingine, na kama mtu aliyefanya kazi ya jikoni kwa miaka mingi naomba tusilifanye. Mteja mwenye mzio anapotajwa, tunaosha meza, tunabadilisha visu na ubao, tunatenga kikaango, na foleni nzima inasimama. Kisha mteja huyo huyo anaonekana akionja kipande cha keki ya jirani yake. Siku nyingine anapokuja mtu ambaye maziwa yanaweza kumuua kweli, mpishi aliyekwisha kudanganywa anapunguza umakini. Hilo ni jambo zito.

Tena jedwali lenyewe lina pengo kwa upande wetu. Nyama haimo katika vile 14, wala asali. Mchuzi wa mifupa, mafuta ya nguruwe, jelatini, vyote vinaweza kupita bila kutajwa. Kwa hiyo lisome kwa ajili ya maziwa na mayai, halafu uulize swali la pili kuhusu mchuzi na mafuta.

Kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui kuhusu jikoni: uliza nini kimeshapikwa na nini kinapikwa sasa hivi. Supu, mchuzi na maharage vilipikwa asubuhi, na ukiomba «bila nyama» mhudumu ataondoa vipande tu, ladha ya mifupa ikabaki. Kinachokaangwa au kuchanganywa mbele yako, hicho kinabadilika kwa urahisi. Na nenda mapema, kabla ya saa ya msongamano, wakati mpishi ana nafasi ya kusoma kadi yako hadi mwisho. Kadi ile ile inayopokewa kwa tabasamu saa tano na nusu asubuhi, saa saba mchana inarudishwa bila kusomwa.

Kibuyu

Hoja ya saa nimeipenda sana, na sikuwahi kuifikiria.

Bi Mwani

Nirudi India, ambayo niliiacha. Watu hudhani ni pepo yetu, na kwa wasiokula nyama kweli ni pepo. Kibao cha «pure veg» kinamaanisha hakuna nyama, samaki wala mayai, na bidhaa za dukani zina alama ya kitone cha kijani ndani ya mraba wa kijani. Lakini maziwa hayahesabiwi kuwa kitu cha kuacha. Kinyume chake, yana heshima. Samli humwagiwa juu ya wali na mikate kama ukarimu, mtindi huingia kwenye mchuzi, na «paneer» ni jibini. Hata mlo wa Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India), ambao huacha mizizi kama viazi, kitunguu na kitunguu saumu, kwa kawaida una maziwa. Kwa hiyo usiseme «veg» ukaishia hapo; jifunze kusema huli «doodh» (maziwa), «dahi» (mtindi) wala «ghee» (samli). Kuna pia alama mpya ya kijani yenye herufi V kwa bidhaa za vegani, iliyotokana na kanuni za mwaka 2022, lakini hiyo utaiona kwenye pakiti, si kwenye sahani.

Mila za kwingine nazo zina mipaka yake. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na siku 55 kabla ya Pasaka, wakiacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Ukisema «ye-tsom», yaani chakula cha mfungo, unaletewa injera (mkate mwembamba wa Kiethiopia) yenye adesi na mboga zilizopikwa kwa mafuta ya mimea. Mfungo wa Ugiriki nao huacha nyama na maziwa, ila pweza, ngisi na kamba huruhusiwa.

Nusu Mkoba

Nimekubali kuhusu mzio, na ninamshukuru Mpishi wa Zamu kwa kulieleza kwa upole.

Naongeza kuhusu ndege, kwa kuwa safari ya mleta mada ni ndefu. Mlo wa vegani katika mfumo wa mashirika ya ndege una alama ya VGML, na huagizwa angalau saa 24 kabla ya kuondoka, mashirika mengine yakitaka 48. Usiuchanganye na AVML, ambao ni mlo wa mtindo wa Kihindi usio na nyama, na mara nyingi una maziwa. Niliwahi kubadilishiwa ndege dakika za mwisho, na ombi langu halikuhamia kwenye tiketi mpya. Nikakaa kwa muda wa saa kumi na moja nikiwa na kitambaa cha mezani na glasi ya maji. Tangu siku hiyo sipandi bila karanga, tende na mkate mkobani.

Msafiri Taratibu (mleta mada)

Nawashukuru kwa dhati. Nilikuja nikitafuta njia moja, na sasa nimezipanga kufuata nchi. Thailand na Vietnam nitafuata vibendera na neno «chay», na ramani nitaitafutia kwa maandishi ya wenyeji. Japani nitatumia HappyCow kwenye miji mikubwa, rangi ya kijani tu, nitalala usiku mbili Koyasan, na kadi nitaiandikisha upya ili itaje «dashi» kwa jina badala ya kusema «samaki» peke yake. India nitasema «doodh, dahi, ghee» hadi ulimi uzoee. Tena Japani peke yake nitatafuta chumba chenye jiko, nijipikie siku za kufika usiku.

Limebaki swali moja kwa Bi Mwani. Nitafika Hanoi tarehe 12 na kuondoka tarehe 19. Siku za «chay» nitazijuaje?

Bi Mwani

Usizihesabu kwa tarehe za kalenda ya kawaida, kwa sababu zinafuata mwezi mwandamo: ya kwanza ni siku ambayo mwezi hauonekani kabisa, na ya kumi na tano ni mbalamwezi kamili au karibu yake. Kalenda za ukutani za Vietnam huonyesha tarehe zote mbili, ile ya mwandamo ikiwa kwa maandishi madogo chini. Mara tu unapofika, mwulize mwenye nyumba ya wageni akuonyeshe. Ikiwa moja ya siku hizo itaangukia katika wiki yako, amka mapema uende sokoni karibu na pagoda (hekalu la Kibudha) yoyote.