Naomba ushauri: notisi ya kuondoa vibanda na tuta mbele ya shule, Kayole

Steji_Mwisho
Wadau, salaam. Kikundi chetu kina vibanda 22 kando ya lami hapa Kayole, Nairobi, mkabala na shule ya msingi. Tumepewa notisi safu nzima iondoke, eti tunawaziba madereva wasione watoto wanaovuka. Hatari ipo kweli: matatu zinapita kwa kasi na kivuko cha punda milia kimefutika. Sisi tunataka tuta la kupunguza kasi. Tuombe wapi, na barua iseme nini? Vijana wanasema tumwage zege wenyewe usiku. Leseni za kaunti kila mtu anayo.

Kiraka
Mwenyekiti, kwanza jueni barabara ni ya nani. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, mamlaka ya KeNHA inashika barabara kuu za kitaifa na mamlaka ya KURA inashika za mijini zilizo chini ya serikali kuu; tangu ugatuzi, za mitaani zilizobaki ni za kaunti. Ikiwa ni ya KURA, MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye Bunge la Kaunti, atawasikiliza vizuri sana na hakuna kitakachofanyika, kwa sababu haimo kwenye bajeti anayoipitisha. NTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani, nayo haijengi matuta. Ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Na hiyo leseni msiitegemee. Inaruhusu biashara, haiwapi ardhi. Mkiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni uliotengewa barabara, hoja yenu ijengwe juu ya vipimo.

Pima_Kwanza
Kiraka amesema kweli, na vipimo vyenyewe ni hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo wa kisheria mjini, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde 2.5 za kuona na kukanyaga breki, mita 35 zimeisha na gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Kusimama kabisa kunataka mita 65 hivi. Kwa kilomita 30, mita 35 zinatosha.

Kwa hiyo tuta ndilo litakaloviokoa vibanda. Mwendo ukishuka, sehemu inayopaswa kuwa wazi inapungua karibu nusu.

Mmoja achuchumae ukingoni mwa kivuko, macho yawe kimo cha mtoto. Mwingine akae umbali wa mita 65, kisha 35, kimo cha macho ya dereva. Rudieni upande wa pili. Kibanda kinachokata mstari huo ndicho chenye kesi. Vingine, kwa sababu hii ya kuziba, havina.

Kasi nayo pimeni: chora mistari miwili umbali wa mita 50, shika saa ya simu. Gari likipita kwa sekunde 3.6 ni kilomita 50. Kwa sekunde 6 ni 30. Fanyeni hivyo asubuhi ya shule na jioni watoto wakitoka, mkihesabu pia wanaovuka.

Boda_Tajiri
Makaratasi hayo yatakula miaka. Kokoto pikapu moja, simiti mifuko sita, asubuhi kazi imekwisha.

Pima_Kwanza
@Boda_Tajiri, na mtu wa kwanza kuanguka atakuwa wa boda. Tuta la usiku huwa jembamba na lenye ncha, halina rangi wala kibao, na linaziba maji hadi lami inabomoka. Kujenga kitu barabarani bila idhini pia ni kosa. Tuta la mviringo linalokubalika lina kimo cha sentimita 7.5 hadi 10 na upana wa mita 3.7 kufuata mwendo wa gari.

Hapo shuleni ombeni kivuko kilichoinuliwa: juu bapa, kimo sentimita 10, mteremko wa mita 1 kila upande, alama za punda milia juu yake, kibao kabla, na taa. Pembeni ibaki nafasi ya maji. Boda watajipenyeza hapohapo kukwepa tuta, basi ombeni na nguzo fupi ukingoni mwa njia ya miguu. Steji isogezwe baada ya kivuko. Matatu iliyosimama kabla yake inaficha watoto kuliko kibanda chochote.

Steji_Mwisho
Shukrani. Tukikuta vibanda vitatu tu vinaziba?

Kiraka
Jitoleeni kuvirudisha nyuma hivyo vitatu, kwa maandishi, na mchoro. Ombeni pia sababu za notisi kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Shule na chama cha wazazi watie sahihi, maana barua ya wafanyabiashara peke yao inasomeka kama ya kutetea matumbo.

Ikiwa barabara ni ya kaunti, pelekeni ombi kwa Bunge la Kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, nakala kwa idara ya uchukuzi. Angalieni kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mkienda Mei mtaambiwa hela zimeshagawanywa. Notisi lakini haingoji Septemba, ijibuni wiki hii, na mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa.